Stakabadhi ya Mama

Mama alikuwa anachambua kahawa kwenye kichanja nilipomwonyesha ile kadi. Ilikuwa Julai 2024, katikati ya msimu, na Kingerikiti mwezi huo mtu havui sweta mpaka saa nne asubuhi. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kila kitu, akaitazama picha yangu, akaigeuza upande wa pili.

"Hii ni ya chama gani?"

Nikamwambia ni chama cha watu wanaofanya kazi kwenye makumbusho, dunia nzima.

"Mnalipa ada?"

"Kila mwaka, mama."

"Na mnapata nini?"

"Nikisafiri naingia bure kwenye makumbusho mengi."

Akanirudishia. "Baba yako naye alikuwa na kadi," alisema, akaendelea kutoa punje zilizopasuka.

Hakuhitaji kuendelea. Ndani, chini ya kitanda chake, kuna mkebe wa biskuti ulioanza kushika kutu kwenye kona. Humo kuna kitabu cha uanachama cha baba na stakabadhi za kahawa ya msimu mmoja, zimefungwa kwa uzi wa gunia. Mwaka huo chama kilipokea kahawa, kikapima, kikaandika kilo, kikalipa malipo ya kwanza. Malipo ya pili hayakuja. Baadaye hata chama chenyewe hakikuwepo. Baba alizitunza zile karatasi mpaka anafariki, na mama hakuzitupa. Nimekua nikijua kwamba neno mwanachama linakaa ndani ya mkebe, na mkebe haufunguliwi mbele ya wageni.

Kwa hiyo niliirudisha kadi kwenye pochi, nikakaa naye kuchambua kahawa.

Ninafanya kazi ya kutunza vielelezo katika jumba moja la makumbusho jijini Dar es Salaam. Si kazi ya kusimulia harusini. Napima unyevu wa chumba, nawinda nondo na mchwa, naandika namba ndogondogo kwenye vyungu, vinu na ngoma. Ndiyo iliyonipa haki ya kuomba uanachama wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ambalo wengi tunaliita ICOM. Lilianzishwa mwaka 1946 na makao yake yako Paris. Hujiungi kwa kupenda tu makumbusho. Lazima iwe ndiyo kazi yako au fani yako. Ada si moja kwa wote, na sisi wa nchi zenye kipato kidogo tunalipa pungufu. Hata hivyo, nilipoibadilisha kuwa shilingi, kwanza niliona mbolea ya shamba la mama.

Ukishalipa unapewa kadi na stika ya mwaka. Bila stika ya mwaka husika, kadi ni plastiki yenye picha yako. Na hata ukiwa nayo, hakuna sheria inayolazimisha kila jumba kukufungulia. Kuna wanaokuingiza bure, kuna wanaokupunguzia, na kuna wanaokutazama wakakuonyesha bei. Msafiri mwenye busara huangalia utaratibu wa jumba kabla ya kupanga foleni.

Niliitumia kwa mara ya kwanza Berlin, Oktoba 2023. Nilikuwa nimealikwa kwenye mafunzo ya wiki tatu ya utunzaji wa vielelezo vya mbao. Kabla ya hapo niliipeleka kwenye ofisi ya viza, pamoja na barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, taarifa za benki na bima. Binti wa dirishani alichukua kila kitu, kadi akanirudishia. "Hii haihitajiki, dada." Nilicheka mwenyewe nikishuka ngazi. Kadi ya kufungua milango ya dunia, na mlango wa kwanza haikuwa na kazi.

Lakini nilipofika, ilifanya kazi. Jumamosi ya kwanza nilienda Neues Museum, kwenye kile kisiwa cha makumbusho katikati ya jiji. Watu walikuwa wamejipanga wakitoa pesa kwa ajili ya kwenda kuona kichwa cha Nefertiti, sanamu ya malkia wa Misri iliyofukuliwa na Wajerumani mwaka 1912. Nilipofika kaunta nikaonyesha kadi. Mama mmoja mwenye miwani aliitazama stika, akanitazama mimi, akabonyeza mashine, ikatoka tiketi. Kwenye sehemu ya bei iliandikwa 0,00.

Sitadanganya, nilijisikia mtu. Nimezaliwa kwenye nyumba ambayo mvua ikinyesha tulihamisha vitanda. Kule, mbele ya watu wenye makoti mazuri, mashine ilisema mimi ni mmoja wa wenye nyumba. Niliikunja ile tiketi nikaiweka kwenye daftari. Kila nilipopata nafasi nilitafuta jumba jingine. Jioni, kwenye chumba changu, nilijumlisha bei ambazo sikulipa. Mpaka wiki ya pili inaisha nilikuwa na tiketi tisa za sifuri, na nilikuwa nimeanza kuchagua jumba kwa ukubwa wa bei yake badala ya kitu kilichomo.

Ya kumi ilinipeleka Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na historia ya asili. Ukiingia tu, ukumbi wa kwanza, unakutana na mifupa ya mnyama mwenye shingo inayokaribia dari. Urefu wake ni mita 13.27, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa kwa urefu zaidi ya huo duniani. Huyo mnyama ni wa kwetu. Alifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913.

Nilikuwa nalijua hilo, tunasoma. Kilichonishika ni hesabu ya namna alivyotoka. Tendaguru hakukuwa na reli wala barabara ya gari. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilifungwa mizigo mizigo na kubebwa na watu, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha mwaka 1907, na njaa iliyofuata ilikuwa bado haijasahaulika vijijini. Watu hao hao ndio walioshika majembe na mizigo. Wataalamu wa Kijerumani, Janensch na Hennig, wanajulikana kwa vitabu. Kati ya wafanyakazi wetu, jina linalotajwa mara nyingi ni la Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi na fundi wa kusafisha mifupa. Wengine, mamia kwa mamia, ni mizigo waliyoibeba.

Nami najua kubeba. Nimebeba kahawa kichwani tangu nikiwa darasa la tatu, kutoka shambani kwetu hadi kituo cha kununulia, na najua shingo inavyosema usiku. Nilisimama chini ya ile shingo ndefu nikawaza shingo za watu. Kisha nikapiga picha, nikaangalia saa, nikatoka. Kulikuwa na jumba jingine linalofungwa saa kumi na mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikumwambia mtu mpaka Julai ile. Wiki chache kabla sijafika, mwezi Septemba, taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Mafuvu 202 yalitambuliwa kuwa ya sehemu ambazo leo ni Tanzania. Hayako kwenye maonyesho. Yamehifadhiwa ghalani, na ni sahihi yasiwekwe mbele ya watalii. Kadi yangu haifiki ghalani. Huko hupiti kwa stika, unaandika barua, unaeleza wewe ni nani, unataka nini na kwa niaba ya nani.

Mwenzangu mmoja wa mafunzo, aliyetoka nchi nyingine iliyopitia mambo hayo hayo, aliniambia yeye anaandika barua kuhusu vitu vya kwao. "Na wewe andika," alisema. "Uliza hata orodha tu. Vitu vya mkoa wako, vimeandikwa wapi, nani alivileta." Nilimwambia nitaandika. Siku ya mwisho niliyokuwa huru, ambayo ningeweza kukaa nikaandika, nilitumia kupata tiketi ya kumi na moja.

Nilimsimulia mama haya yote usiku, jikoni, tukila ugali na usipa wa Mbamba Bay. Nilidhani atapenda habari za yule mnyama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma kuni.

"Wale waliobeba, na wale wa ghalani," akasema, "uliwasalimia?"

Sikuelewa. "Niwasalimie vipi, mama?"

"Nyumba ina wafu wa kwenu. Umeingia, umezunguka, umetoka. Hukulipa kitu, hukusema pole. Sasa ulikwenda kufanya nini?"

Nikajitetea. Nikasema ni kazi, ni kujifunza, na kwamba kuingia bure ni heshima wanayopeana watu wa fani moja. Mama hakubishana. Aliniuliza kama Songea nako nina bure.

Ilibidi nieleze hili kwa msomaji asiye wa huku. Songea kuna Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji. Yapo mahali walipozikwa viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kila mwaka tarehe hiyo wanakumbukwa hapo. Chifu Songea Mbano, aliyeupa mji jina, ana kaburi lake peke yake, na wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, siku chache baada ya mimi kurudi na tiketi zangu, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wajukuu wa waliouawa, akaomba msamaha, akaahidi nchi yake itasaidia kutafuta. Mama aliyasikia redioni. Amekwenda Songea mara nyingi: hospitali, msiba, kipaimara cha mtoto wa dada yake. Makumbusho hajawahi kuingia.

"Twende," akasema, "tukimaliza kuanika."

Nilisita kidogo, na nitasema kwa nini. Sisi upande wetu ni Wamatengo. Katika karne ya 19 wazee wetu walipanda milimani wakikimbia mikuki ya Wangoni. Huko juu, watu wengi kwenye miteremko mikali, kilimo cha ngoro kikawafaa: mashimo yanayoshika maji na udongo, ambayo mpaka leo yanaifanya milima yetu ionekane kama imefumwa. Hata vita yetu na Mjerumani ilikuwa peke yake, Litembo, mwaka 1902, miaka mitatu kabla ya Maji Maji. Nikamwambia mama kwamba yale makaburi ni ya Wangoni hasa.

"Jirani akifiwa," akasema, "unaanza kwa kuuliza kama mlikuwa mnaelewana?"

Tuliondoka alfajiri kwa bodaboda mbili hadi kwenye lami, tukapata basi la Mbinga, kisha la Songea. Mama alivaa khanga mpya na viatu vya kanisani. Njia nzima hakuzungumza sana, ila kila tulipopita shamba la kahawa alilitolea hukumu: hili limepogolewa, hili limeachwa.

Kwenye kaunta alikuwepo kijana mpole. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nilitoa kadi. Kijana akaitambua, akatabasamu kama watu wa kazi moja wanavyotabasamu. "Dada, wewe ni mwenzetu. Pita tu. Na mama umemleta, napo si neno, pitani."

Nilikwisha kupiga hatua mbili. Mama alikuwa hajasogea. Alikuwa anafungua fundo la pindo la khanga.

"Kiingilio shilingi ngapi?"

"Mama, nimesema piteni tu."

"Nimekusikia, Mungu akubariki. Shilingi ngapi?"

Kijana akanitazama. Mimi nikaona aibu, ile ya mtoto aliyesoma ambaye mzazi anamharibia mbele ya wenzake. Nikasema taratibu, "Mama, kadi inatosha."

"Kwenye msiba unaingia mikono mitupu?"

"Mama," kijana akasema kwa adabu, "hapa si msiba, ni makumbusho."

"Waliomo humu wamekufa, hawajakufa?"

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamtajia bei ya Mtanzania. Mama akahesabu. Lakini malipo yalikuwa kwa simu, kwa namba maalum, si mkononi. Basi akanikabidhi mimi noti zake, nami nikalipa kwa simu yangu. Nilipotaka kurudisha simu mfukoni akanishika mkono.

"Na wa kwako."

"Mimi mama nina..."

"Kadi yako itumie huko huko kwa wenzako. Hapa lipa."

Nikalipa. Mashine ikatoa karatasi. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akamwomba kijana amsomee: tarehe, kiasi, jina la mahali. Aliposikia vyote viko sawa aliikunja mara mbili, akaifunga kwenye lile fundo ambalo pesa zilikuwa zimetoka.

Ndani hakutembea kama wageni ninaowaona kazini, wanaosoma kibao kabla ya kutazama kitu. Yeye hakusoma. Kwenye sanamu za viongozi wa Kingoni alisimama mbele ya kila mmoja, akainamisha kichwa, akasema neno moja, "Poleni," akahamia kwa anayefuata. Nilikuwa nyuma yake. Kwa wa kwanza na wa pili nilinyamaza. Kwa wa tatu nikajikuta nasema nami.

Kwenye kaburi la pamoja alikaa chini kabisa, kwenye nyasi, miguu ameikunja upande, kama wanawake wanavyokaa kwenye msiba. Tulikaa pengine nusu saa. Kundi la wanafunzi lilikuja, likaonyeshwa, likaondoka. Kisha akainuka tukaenda kwa Songea Mbano.

"Huyu ndiye asiye na kichwa?"

"Ndivyo inavyosimuliwa, mama."

"Kimeonekana?"

"Bado."

"Wanaokitafuta ni nani? Ni nyinyi wenye kadi?"

Sikujibu. Ningeweza kumweleza ugumu wake, na ni ugumu wa kweli: kumbukumbu za zamani zina mapengo, fuvu linaweza kuandikwa jina la eneo tu, bila la mtu, na vipimo vya vinasaba vinahitaji ndugu walio hai na ridhaa yao. Hayo nayajua. Lakini hakuuliza ugumu. Aliuliza nani. Na mimi niliyekuwa mji ule ule kwa wiki tatu nilikuwa na tiketi kumi na moja na sikuandika hata barua moja.

Tulirudi Kingerikiti siku ya pili yake. Jioni mama alitoa mkebe chini ya kitanda, akaufungua mbele yangu bila haraka. Akafungua uzi wa gunia, akaiweka ile karatasi ya Songea juu ya stakabadhi za baba.

Nilikuwa nimebeba daftari langu la safari. Nikatoa zile tiketi za Berlin, nikampa, nikisema na hizi tuziweke. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka nami niwe na kitu humo. Mama alizipokea, akazifungua moja moja karibu na taa ya sola.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Sifuri."

"Na hapa?"

"Sifuri, mama. Zote."

Akazipanga vizuri, akanirudishia. "Hizi si stakabadhi. Stakabadhi ni ya kitu ulichotoa. Baba yako alitoa kahawa, ndiyo maana mpaka leo wanamdai... wanadaiwa," akajirekebisha, akacheka kidogo. "Wewe hapa hujatoa kitu. Huna wa kumdai."

Desemba ilipokaribia, nilipata ujumbe wa kukumbushwa ada ya mwaka unaofuata. Nililipa. Sikuwa nimeichukia kadi. Imenifundisha mengi, na ninamtakia kila kijana wa fani hii apate stika yake na aingie kila mahali mshahara wake usikoweza kumfikisha. Ila safari hii, kabla ya kulipa, niliandika barua. Nimeomba orodha ya vitu vilivyoandikishwa kutoka Umatengo na pwani ya Nyasa kati ya miaka ya 1890 na Vita Kuu ya Kwanza: nani alivichukua, wapi, na kama kati yake kuna mabaki ya watu. Kwenye sehemu ya kueleza naandika kwa niaba ya nani, nilikaa muda mrefu. Mwanzo niliweka jina la fani yangu na namba ya uanachama. Nikafuta. Nikaandika jina langu, jina la baba, na Kingerikiti.

Jibu sijapata bado. Barua za namna hii huchukua muda. Mama aliponisikia kwenye simu kwamba nimeituma aliuliza kama nilibaki na nakala. Nikasema ninayo. Akasema nikija Pasaka niibebe, mkebe bado una nafasi.